Bima ya Safari ya Mama

Mdogo wangu alipojifungua, baada ya miaka mingi ya kungoja na mimba zilizoharibika, hakuomba kitu kingine ila Mama. Yeye ni muuguzi Uingereza, katika mji wa kaskazini ambao Mama hakuwahi kulishika jina lake. Alisema tu "kule kwa mtoto". Mdogo wangu na mumewe walikata tiketi na kuhangaikia viza. Mimi niliyebaki nyumbani niliachiwa yale madogo madogo: pasipoti, picha za kupiga upya kwa sababu Mama alifumba macho, masweta mazito ya mitumba, na suala la bima ya safari.

Bima hiyo haikuwa ya lazima. Viza ilitoka bila mtu kuiulizia, na yule aliyetuuzia tiketi aliniambia kwenye simu kwamba ni hiari yetu. Heri angesema ni lazima. Kitu cha lazima mtu hukilipia huku ananung'unika, kikaisha. Hiki cha hiari kilinifanya niketi kwenye cherehani yangu pale Voi nikimuwaza mama yangu ameteleza bafuni katika nchi ya watu, amelazwa, haelewi anachoambiwa. Kisha nawaza bei. Ilikuwa bei ya mbuzi wawili wazuri, na mbuzi wawili kwetu si mchezo, kwa ajili ya karatasi ambayo ukibahatika hutaitumia kamwe.

"Huku mgeni akilazwa anapewa bili," mdogo wangu aliniambia. "Niko wodini, nawaona. Lakini sisi tiketi imetumaliza, dadangu. Zungumzeni na wazee muamue."

Basi Jumapili moja nikapanda milimani hadi Mghange, kwa wazazi. Wakati ule nyumba yao ilikuwa na watu wawili tu, na ng'ombe mmoja mwenye mimba ambaye ndiye aliyekuwa sababu ya Baba kutosafiri. Mdogo wangu alikuwa amewaalika wote wawili. Baba alijibu kwamba ng'ombe hawezi kuzaa mbele ya jirani wakati mwenyewe yuko ng'ambo anakunywa chai, na mambo yakaishia hapo.

Niliwakuta kibarazani baada ya ibada. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya matuta ya shamba, na Mama alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo. Nikawaeleza habari ya bima kama nilivyoelezwa: akiugua watalipa hospitali, na likitokea la kutokea, wataurudisha mwili nyumbani.

Mama aliacha kuchambua. "Mwili wa nani?"

"Wa msafiri, Mama."

"Msafiri ndiye mimi." Akarudi kwenye maharagwe yake, mikono ikienda haraka kuliko mwanzo. "Mimi naenda kumshika mjukuu, siendi kufa. Mtu hanunui sanda akiwa mzima, anajiitia kifo. Hizo pesa mnunulie mtoto nguo."

Nilidhani Baba angemuunga mkono, maana alikuwa mtu wa kubana sana pesa. Lakini aliliweka chini panga alilokuwa akinoa.

Kabla ya kustaafu Baba alikuwa karani katika shamba la mkonge kule tambarare. Wakataji wengi walikuwa watu waliotoka magharibi, waliofuata kazi na kuacha familia mbali. Habari za miaka ile alikuwa akizisimulia kwa kuchekesha: nani alilewa, nani alifukuzwa na nyati. Hii aliyotusimulia siku hiyo sikuwa nimewahi kuisikia, na kwa uso wa Mama, nadhani hata yeye hakuwa ameisikia yote.

Alisema kulikuwa na mkataji mmoja rafiki yake, mtu mrefu aliyekuwa akimletea samaki wakavu kila aliporudi likizo. Akafa kwa homa. Wenzake walichanga, lakini mwezi ulikuwa umefika katikati, hakuna aliyekuwa na kitu, na siku zile kumsafirisha maiti hadi kwao ilikuwa safari ya gari la kukodi. Wakamzika pembeni mwa shamba, wakasimika msalaba wa miti.

"Mke wake alifika baadaye," Baba alisema. "Barua ilikuwa imechelewa. Akaja na mtoto mgongoni, akaniambia, karani, nionyeshe. Nikaenda naye. Mchwa walikuwa wamekula msalaba. Mvua ilikuwa imepiga, nyasi zimeota, na palikuwa na makaburi mengine. Nilizunguka pale na yule mama hadi jua likawa kali. Mwishowe nikamwonyesha mahali. Sijui kama ndipo."

Kuku waliingia kwenye maharagwe na Mama hakuwafukuza.

"Nunua," Baba aliniambia. "Nitamuuza yule ndama dume wa uzao uliopita. Na wewe mama watoto, si kujiitia. Hata hao wazee wetu wa zamani, walioweka mafuvu ya watu wao chini ya mwamba huko juu, walitaka nini? Walitaka kila mtu ajulikane aliko."

Mama alifikiri. "Basi nitakwenda kumsikiliza huyo muuzaji mwenyewe," alisema. "Sitaki kusimuliwa na nyinyi."

Wakala wa bima alikuwa na ofisi ya chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo, mjini Voi. Alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ya upole na Kiswahili cha hapa hapa, maana ingawa wazazi wake walitoka magharibi, alizaliwa Voi wakati baba yake akifanya kazi ya reli. Alimkalisha Mama kwenye kiti kizuri, yeye akakaa kwenye kile kilichovunjika mguu. Akaanza kueleza polepole: matibabu, ajali, kurudishwa mwili, sanduku kupotea, ndege kuchelewa. Mama alisikiliza yote akiwa ameupakata mkoba wake kama mtoto. Binti alipomaliza, Mama akamwambia:

"Mwanangu, umesema nikiugua. Umesema nikifa. Umesema hata nguo zangu zikipotea. Na nyumbani je?"

"Nyumbani vipi, mama?"

"Namwacha mzee wangu peke yake. Nikiwa kule, jambo likimpata yeye, mimi nitarudije?"

Yule binti alimtazama, kisha akanitazama mimi. "Hilo watu huwa hawaliulizi," alisema. Akaeleza kwamba liko, ila huongezwa: mume au mke au mtoto akifariki, au akiwa mahututi, kampuni humkatishia msafiri safari yake na kumrudisha. "Lakini lazima niulize, mama. Mzee ana ugonjwa wowote wa tangu zamani? Mkinificha, baadaye wanaweza kukataa kulipa, na mimi sitaki kuja kuwa adui yenu."

"Magoti," Mama alisema. "Magoti na ubishi."

Tulicheka wote watatu. Mama akasema, "Basi niandikie hilo. Hayo mengine mtanipa tu kwa sababu yanakuja pamoja." Tukalipa. Tulipokuwa tukiondoka, binti alichukua simu ya Mama na kumwekea nambari yake. "Ukiwa na shida yoyote kule, mama, hata kama umepotea njia tu, nipigie mimi. Usiogope."

Baba aliposikia ni nini Mama alichochagua, alicheka hadi akakohoa. "Kumbe safari ni yake, anayetakiwa kufa ni mimi!"

Mama alisafiri. Tulimpeleka stesheni ya Voi, Baba akiwa amevaa koti lake la harusi za watu, na kwaheri yao ilikuwa ya watu wasiojua kuagana. Walikuwa wamekaa pamoja miaka yote ya ndoa yao bila kutengana zaidi ya safari ya hospitali. Baba alimwambia, "Usiache kumeza ile dawa ya presha." Mama akamwambia, "Debe la unga lina mfuniko, ulifunike." Geti likafunguliwa, Mama akaingia na watu wengine bila kugeuka.

Tangu siku hiyo walizungumza kwa simu kila asubuhi. Nyumbani mtandao ni wa kubahatisha, kwa hivyo Baba alipanda hadi kwenye jiwe kubwa lililo juu ya shamba, akasimama pale na fimbo yake akipaza sauti kama anayemwita mtu wa ng'ambo ya bonde. Majirani walijua habari zote za Uingereza kutoka kwenye lile jiwe. Walijua kwamba jua la kule halitaki kuzama. Walijua kwamba mtoto ni mnene, ana nywele za Baba, na kwamba Mama alimfunga mgongoni kwa leso akaenda naye dukani na wazungu wakasimama kumtazama. Baba naye alitoa ripoti zake: ng'ombe amezaa mtamba, kabeji zimeingiwa na wadudu, debe la unga limefunikwa.

Nilipokwenda kumwona nilimkuta amekonda kidogo. Alikuwa akipika ugali mmoja wa kula mchana na jioni. Nikamwambia ashuke akae nami Voi hadi Mama arudi. Akasema joto la Voi ni la mijusi.

Habari ilinifikia asubuhi, nikiwa nampima msichana sketi ya shule. Mke wa jirani yao ndiye aliyepiga. Alisema tu, "Dada, njoo nyumbani," na nikajua kwa sababu hakunisalimia. Baba alikuwa amekamua ng'ombe, akaleta maziwa jikoni, akaketi kwenye kizingiti na kikombe chake. Jirani alipopita kuomba moto alimsalimia, akadhani amesinzia. Daktari alisema baadaye kwamba ni moyo. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba moyo wake una neno.

Sikumbuki vizuri safari ya kwenda. Nakumbuka kufika na kuona kile kikombe kimewekwa juu ya dirisha, na mtu ameshakiosha.

Jioni ile baba mdogo, ndugu yake Baba, alituita sebuleni. Alisema neno lake kama mwenye nyumba, maana sasa ndiye aliyekuwa mkubwa. "Mjane hapewi habari kwenye simu," alisema. "Hata siku moja. Yuko nchi ya watu, amezungukwa na kuta. Akianguka, nani atamshika? Aambiwe mzee ni mgonjwa, amelazwa, anamhitaji. Akifika hapa, wamama wakae naye, mchungaji aombe, ndipo aambiwe. Hivyo ndivyo tunavyofanya."

Sikubishana naye. Ndivyo tunavyofanya kweli, na hata mimi sikuwa na ujasiri wa kulitamka neno lile kwenye simu na kumsikia Mama akinyamaza upande wa pili wa dunia.

Mdogo wangu nilimwambia. Nilimsubiri aniambie kwamba Mama ameingia kuoga, ndipo nikamwambia haraka haraka, kama mtu anayeng'oa mwiba. Hakulia kwa sauti, hakuweza, nyumba yao ni ndogo. Nilisikia pumzi yake tu, na mtoto akinung'unika. Kisha akaniuliza kwa kunong'ona, "Na mimi nitakujaje? Mtoto hana pasipoti bado. Nitamwachia nani, na ananyonya?" Hakuja. Hakukuwa na bima yoyote iliyomhusu yeye.

Kwa ile ya Mama, nitasema ukweli: haikutusumbua. Niliteremka Voi nikiwa nimejiandaa kwa vita. Nilikuwa nimesikia habari nyingi za kampuni zinazokwepa kulipa. Yule binti aliponiona mlangoni na leso nyeusi kichwani alisimama, akazunguka meza, akanishika mikono. Alitaka kibali cha mazishi na barua ya chifu. Alivipiga picha, akavituma, akakaa kwenye simu na wakubwa zake hadi chai yake ikapoa. Kabla sijarudi kwenye matanga, tiketi ya Mama ilikuwa imebadilishwa bila sisi kutoa senti. Aliniuliza habari za Mama, nikamwambia anakuja. Akasema, "Maskini, mama yangu yule." Sikumwambia kwamba Mama hajui. Haikunijia kabisa. Akili yangu ilikuwa kwenye jeneza, kwenye hema, kwenye maji ya kupikia watu.

Nilikwenda Nairobi kumpokea. Njia nzima nilijizoeza uso. Nilipanga maneno: yuko hospitali, madaktari wanajitahidi, tutapita nyumbani kwanza ubadilishe nguo. Mama akatoka na kigari chake cha mizigo, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, amevaa lile sweta la mitumba la bluu. Nikamkumbatia. Alininusa shingoni kama alivyokuwa akifanya tukiwa wadogo. Aliniuliza kama nimekula. Aliniuliza habari za watoto wangu, mmoja mmoja. Hakuniuliza habari za Baba, na mimi, kwa jinsi nilivyokuwa nimejishughulisha na uongo wangu, sikugundua kwamba hajauliza.

Tulipanda treni ya kurudi Voi. Alikaa dirishani. Tulipita nchi ile kavu bila kusema mengi, na mara mbili nilianza, "Mama, kuhusu Baba, madaktari wanasema..." na mara zote mbili alinipapasa goti akasema, "Tulia kwanza." Tulipopita Mtito Andei akafungua mkoba, akatoa chungwa, akalimenya, akanipa nusu.

"Mnamzika lini?" akaniuliza.

Chungwa lilibaki mdomoni. Sikuweza kulitafuna wala kulitema.

"Usilie humu, watu wanatutazama," alisema. Lakini alikuwa ameushika mkono wangu kwa nguvu hadi kucha zake zikaniingia. "Yule mwanangu wa bima alinipigia. Nilikuwa namwogesha mtoto. Mdogo wako alikuwa ameenda dukani. Nikaona jina lake kwenye simu, nikafurahi, nikasema kumbe ananikumbuka. Akaniambia, 'Pole sana mama kwa msiba wa mzee. Mungu akutie nguvu. Tumeshughulikia tiketi yako, usiwe na wasiwasi wa safari.' Nikamwambia asante, mwanangu."

"Asante tu?"

"Ningesema nini? Alikuwa ananipa pole. Mtu akikupa pole unamwambia asante." Akatazama nje. "Nikamalizia kumwogesha mtoto. Maji yalikuwa yanapoa."

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia mdogo wangu kwamba amejua. Siku zote zile zilizobaki walikaa katika nyumba moja, kila mmoja akimficha mwenziwe kitu ambacho wote wawili walikuwa nacho. Mdogo wangu alikuwa akiingia chooni kulia na kufungulia maji. Mama alikuwa akiyasikia maji.

"Anamnyonyesha," Mama alisema. "Mwanamke anayenyonyesha akilia sana maziwa yanakatika. Mtoto amemtafuta miaka yote ile. Nilisema akilia kidogo kidogo kwa kujificha ni nafuu. Akijua nimejua, tungeangushana wote wawili, na nani angemshika mtoto?" Akafuta vidole vyake kwenye leso. "Kila asubuhi ananiambia, Baba anaendelea vizuri kidogo. Namwambia, Mungu ni mwema. Saa ile ya kuongea na mzee ikifika, nachukua simu naishika hivi tu, naenda kusimama dirishani."

Nilikula lile chungwa kwa sababu alikuwa amenimenyea.

Kabla ya kuteremka Voi alinionya: "Huko nyumbani nitaambiwa kama wanavyotaka kuniambia. Usiseme neno. Shemeji yangu ameshajipanga, na wamama wameacha kazi zao. Waache wafanye."

Ndivyo ilivyokuwa. Tulifika Mghange, wamama wakampokea mlangoni, wakamkalisha katikati yao. Mchungaji aliomba. Baba mdogo alisimama, akakohoa, akazunguka kwa maneno marefu ya safari na ya mapenzi ya Mungu, na nilipomtazama Mama alikuwa ameinua uso kwake akisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikia jambo kwa mara ya kwanza. Kisha akalitamka. Nilidhani Mama angeigiza kilio. Lakini alipolisikia neno lile kwa Kidawida, lugha yetu, kwa sauti inayofanana na ya Baba, ndani ya nyumba yao, kilitoka tumboni mwake kitu ambacho sijawahi kukisikia tena, na wamama wote wakamshika. Nilikuwa nimemwona amekaa na msiba ule njia nzima bila kutikisika. Kumbe alikuwa hajaanza.

Tulimzika Baba chini ya matuta, karibu na migomba. Tulikuwa tumemwahidi mdogo wangu kwamba ataona kila kitu kwenye simu. Lakini asubuhi ile ukungu ulishuka mzito, na mtandao ukapotea kabisa kaburini. Binamu yangu alijaribu kusimama juu ya kiti, kisha juu ya pikapu. Mdogo wangu aliona ibada hadi wimbo wa kwanza, picha ikaganda. Aliniambia baadaye kwamba alikaa mbele ya picha ile iliyoganda, inaonyesha mgongo wa mtu asiyemjua, hadi mumewe akamwondolea simu. Tulipiga video, nikamtumia niliporudi Voi, lakini video ya jana si sawa na kuwepo.

Wakati wa matanga yule wakala alipanda Mghange. Alikuwa amesikia kwamba Mama alikuwa amefichwa, si kutoka kwangu. Mji wetu ni mdogo. Alikuja na majani ya chai na sukari, akapiga magoti mbele ya Mama kabla hata hajakaribishwa, na alikuwa analia kiasi cha kushindwa kusema.

"Mama, sikujua. Ningejua kwamba hujaambiwa nisingekupigia. Nilisema tu siwezi kukuuzia bima halafu yakupate mazito nisikupe pole. Nisamehe."

Mama alimwinua. "Nikusamehe nini? Wewe ndiye mtu wa kwanza kunipa pole ya mume wangu. Wengine wote walikuwa wananiogopa." Akamkalisha kando yake na kumtuma mtu amletee chakula. Baadaye, nikiwa jikoni, niliwasikia wakizungumza. Binti alikuwa anamsimulia jinsi baba yake mwenyewe alivyosafirishwa kutoka Voi kwenda kwao kuzikwa, na jinsi alivyokuwa mdogo, akalala njia nzima miguuni pa jeneza ndani ya basi la kukodi. Mama alikuwa anaitikia, "Ehe. Ehe, mwanangu."

Watu wameniuliza tangu siku hizo, hasa wateja wenye watoto walioko nje, kama bima ya safari ina faida. Huwa nawaambia wanunue. Nawaambia wasiangalie tu yule anayesafiri, waulize na habari ya wanaobaki. Wengine hucheka. Sielezi zaidi, kwa sababu nikieleza zaidi nitakumbuka jinsi tulivyofurahi pale ofisini, na Mama akisema magoti na ubishi.

Mdogo wangu alikuja mwaka uliofuata, mtoto akiwa ameanza kutembea kwa kushikilia vitu. Alimpeleka moja kwa moja kaburini kabla ya kunywa hata maji. Mama alimfuata, na mimi nikabaki juu kidogo, kwenye tuta, nikijifanya nakata majani ya ng'ombe. Ndipo Mama alipomwambia kuhusu ile simu. Nilimwona mdogo wangu akimgeukia kwa hasira, mikono imeinuka. "Ulijua? Ulijua, ukaniacha nikudanganye kila asubuhi?" Mama alisema kitu ambacho sikukisikia. Mdogo wangu akaketi chini penye udongo na mtoto wake, akalia kama msichana, na safari hii hakufungulia maji ya kuficha sauti. Mama hakumnyamazisha. Alimchukua mtoto tu, akamfunga mgongoni kwa leso, akasimama pale akimbembeleza.

Kabla hajaondoka, mdogo wangu alimwomba Mama arudi naye. Viza ilikuwa bado hai. Alisema watakata tiketi, na bima watanunua kubwa kuliko ile ya kwanza, yenye kila kitu.

Tulikuwa tunakula. Mama alitafuna hadi akamaliza.

"Sasa hiyo bima mtaandika inirudishe kwa nani?" akauliza.

"Niko mimi, Mama," nikasema.

Alinitazama kwa huruma, akaniongezea mboga. "Najua, mwanangu," alisema. "Wewe uko."

Hakwenda. Mdogo wangu aliondoka na mtoto wake peke yao, na Mama aliwasindikiza hadi barabarani tu. Siku hizi wanazungumza kila asubuhi. Mama hupanda hadi kwenye jiwe lile lile. Magoti yake nayo yameanza kuuma, kwa hivyo huchukua muda kufika, na mdogo wangu huko aliko humngojea.